Uzoefu wangu: kulabu ya kuvutia tela la boti kwenye Suzuki Escudo, Unguja

Kusi linapoanza kuvuma, bahari ya upande wa mashariki wa Unguja huchafuka, na sisi tunaovua kwa boti ndogo za faiba kutoka Uroa hubaki na njia mbili: kuilaza boti ufukweni mpaka upepo upungue, au kuihamishia magharibi, upande wa Mkokotoni, ambako kisiwa chenyewe kinakinga maji. Kuihamisha kulitaka gari ya mizigo ya kukodi na vijana wa kubeba, na mara nyingi boti ilifika ikiwa na mikwaruzo. Kwa hiyo niliamua kuifungia gari yangu kulabu ya kuvutia tela, na sasa nimeitumia msimu wote wa kusi hadi kaskazi ilipoingia.

Gari ni Escudo ya miaka ya 1990, yenye injini ya cc 1600, na sifa yake kubwa kwa kazi hii ni kwamba bodi imekaa juu ya chesisi kamili ya mihimili miwili. Gereji ya kwanza niliyoiendea ilitaka kuchomelea kulabu kwenye bampa kwa bei nafuu sana. Sikukubali. Gereji ya pili, iliyo Ng'ambo, ilinipokea kwa namna nyingine kabisa: fundi aliingia chini ya gari, akakwangua kutu ili aone chuma kilivyo, kisha akatoka na kuniambia, “Ami, bampa limewekwa kulinda bodi, halikuwekwa kuvuta. Mzigo lazima ushikwe na chesisi.” Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niache gari pale.

Alitengeneza mhimili wa chuma unaopita nyuma kutoka upande mmoja wa chesisi hadi wa pili, akaufunga kwa bolti za milimita 12 zenye alama ya 8.8 kichwani, ambayo ni daraja la uimara linalofaa kwa kazi ya kuvuta, na ndani ya chesisi akaweka vipande vya bati nene ili bolti zisiume chuma chembamba na kukitoboa. Kabla ya kuamua urefu wa kichwa cha kulabu kutoka ardhini alinitaka nipakie gari kama ninavyoipakia siku ya kazi, kwa sababu springi zikishuka, kulabu nayo hushuka, na tela huinamisha pua. Uangalifu wa namna hiyo sikuutarajia, nami nausifu kwa moyo wote. Hata hivyo, anayesoma asidhani kwamba kulabu imara huipa gari nguvu mpya: uzito unaoruhusiwa kuvutwa ni ule uliotajwa na mtengenezaji wa gari, hata mhimili uwe mnene kiasi gani.

Jambo la ukubwa wa kichwa linastahili kusemwa kwa mkazo. Kichwa cha duara nilichofungiwa ni cha milimita 50, sawa na kikombe cha tela langu, yaani sehemu ya shingo ya tela inayokaa juu ya kichwa hicho. Viko pia vichwa vya inchi 1⅞, yaani karibu milimita 48, na kimoja cha aina hiyo kikiingia katika kikombe cha milimita 50 kitaonekana kimekaa vizuri, lakini kinaweza kuchomoka kwenye tuta la kwanza. Ukubwa kwa kawaida huwa umegongwa juu ya kichwa chenyewe, kwa hiyo usomwe kabla ya kulipa. Minyororo miwili ya usalama nayo ifungwe kwa kupishana chini ya shingo ya tela, ili likichomoka, shingo idakwe isigonge lami.

Palipopungua ni kwenye umeme. Plagi ni ya matundu saba ya volti 12, na rangi za nyaya zilifuatwa sawasawa, nyeupe ikiwa ya ardhi, njano indiketa ya kushoto na kijani ya kulia. Lakini viungo vilisokotwa tu na kuzungushiwa utepe, bila kutiwa risasi, na hewa ya chumvi ikaviingia. Shaba ikageuka kijani, na taa ya breki ya tela ikawa inawaka na kuzima. Nilimpelekea fundi umeme wa magari akaviunga upya. Rangi nayo ilipakwa mara moja juu ya sehemu zilizochomelewa, bila rangi ya zinki chini yake, na kutu imeanza hapo hapo.

Barabarani, kupitia Kiwengwa na Kinyasini, gari inavuta kwa utulivu, mradi mzigo upangwe vizuri. Mashine ya boti iko nyuma kabisa, na uzito wake hulifanya tela liwe jepesi puani na kuyumba mwendo ukiongezeka. Ninachofanya ni kuweka nanga, tangi la mafuta na deli la barafu mbele, hadi shingo ya tela iielemee kulabu kwa takriban asilimia 10 ya uzito wote. Siku ya jodari, deli likijaa samaki na barafu, hesabu hiyo hubadilika, na lazima vitu vipangwe upya kabla ya kuondoka.

Kwenye maji pana taratibu zake. Wakati wa bamvu, yaani siku za maji makubwa, kujaa na kupwa kwa maji hapa Zanzibar hutofautiana kwa karibu mita nne, kwa hiyo mimi hushusha boti maji yanapojaa, ili nisiifikishe gari kwenye mchanga laini. Kwanza huchomoa plagi ya taa, kisha husubiri magurudumu ya tela yapoe, kwani beringi ya moto ikitumbukizwa ghafla katika maji baridi huvuta maji ya chumvi ndani. Nikirudi nyumbani huosha tela na kulabu kwa maji ya kisima na kukipaka grisi kichwa cha duara.

Kwa kazi ya chuma ningerudi kwenye gereji ile ile bila kusita, na nimeshamwelekeza huko jirani yangu mwenye boti kubwa kidogo kuliko yangu. Nyaya nilimshauri azipeleke kwa fundi umeme tangu mwanzo, na rangi ya zinki ainunue mwenyewe na kusimama pale inapopakwa.