Karavani ya Zamani Iliyotelekezwa: Tuifufue au Tuiache? Bisibisi Ndiyo Itakayosema

Haya jamani, karibuni tena. Leo sina salamu ndefu kwa sababu nimekasirika, na kilichonikasirisha kiko pale juu. Dogo, sogeza kamera. Mnauona ule ute mweupe pembezoni mwa paa, kama mtoto kachezea dawa ya meno? Hiyo ni silikoni. Nitairudia, tena nitairudia kwa kirefu, kwa hiyo msiondoke.

Wengi wenu mnaniuliza kwenye maoni: kaka, kuna karavani ya zamani, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, imetupwa mahali, mwenyewe anasema kaichukue tu, nifanyeje? Basi leo tunayo moja mbele yetu. Ni ya miaka ya 1960, nembo ya kiwanda imeshang'oka, kwa hiyo tusipoteze muda kubishana imetoka kwa nani. Fremu ya mbao, bati la alumini kwa nje, mlango mmoja, madirisha ya luva. Urefu na idadi ya vitanda siwasomei, hayo mnayajua. Ninachotaka leo ni jibu: tunaivuta au tunaiacha?

Na niseme mapema, nilivyoifikia tu moyo wangu ulisema iache. Rangi imebabuka, matairi yamelala chini, na kwenye tundu la hewa la paa nyigu wamejenga. Lakini hayo yote hayana uzito. Rangi ni rangi. Matairi hata yangekuwa yanang'aa ningeyatupa. Hebu tusome hapa ubavuni, kwenye herufi DOT. Tairi la siku hizi linamalizika na tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukikuta 2311, hiyo ni wiki ya 23, mwaka 2011. Hili letu lina tarakimu tatu. Tarakimu tatu maana yake limetengenezwa kabla ya mwaka 2000. Hili hata kulijaza upepo ukiwa umesimama karibu nalo mimi sikushauri.

Sawa, tuingie ndani. Subiri kwanza, barakoa. Mavi ya panya yamejaa, na kinyesi cha panya hakifagiliwi kikavu, jamani. Kuna aina za panya wanaobeba virusi vya hanta, na vumbi lake ukilivuta unaweza kuugua vibaya sana. Jiki sehemu 1, maji sehemu 9, unalowesha, unaacha dakika 5, ndipo unafuta, na glavu mkononi. Na vigae vya zamani vya sakafu hivi msivipasue ovyo, vingi vya zama zile vina asbesto. Twende.

Sasa hapa ndipo kwenye kazi yenyewe. Bisibisi bapa, chaki, tochi. Basi. Naanza mlangoni. Sichomi kwa nguvu kama nataka kuua nyoka. Naisimamisha wima, naweka uzito wa kiganja, naisikiliza. Sikieni: tok. Inagoma. Naweka alama ya vema. Nasogea shubiri moja, tena ukutani kabisa, siyo katikati ya chumba. Tok. Vema. Watu wengi wakija kukagua wanarukaruka katikati ya sakafu, wanasema iko imara. Katikati itakuwa imara tu! Maji hayaanzii katikati. Yanateremka ndani ya ukuta, yanatua pale ukuta unapokutana na sakafu, na hapo ndipo mbao inapooza kimya kimya huku katikati ukicheza rumba.

Natembea. Tok, tok. Chini ya kabati la jiko... tok. Nzuri hii, sikuitegemea. Sasa kona ya nyuma, chini ya kitanda. Dogo, lete tochi, shika hapo hapo. Naweka bisibisi... mmeona? Sijasukuma! Imezama mpaka kwenye mpini. Tuichomoe. Tazameni ncha: nyuzi nyeusi, zimelowa, na mvua haijanyesha karibuni. Nasogea shubiri moja: imezama. Nyingine: inazama nusu. Nyingine: tok. Kwa hiyo kona ya nyuma kushoto, eneo la kama mikono miwili, limekufa. Sasa kona ya pili... imezama vilevile. Mbele, chini ya dirisha kubwa: nusu. Angalieni chaki yangu sasa. Alama za vema zimezunguka karibu chumba chote, alama za kosa ziko kwenye kona. Hiyo ndiyo ramani. Ramani hii inakwambia maji yameingilia wapi, na haina haja ya fundi wa kukutisha wala muuzaji wa kukubembeleza.

Tukiifuata ramani kwenda juu tunakutana na nani? Mpenzi wangu silikoni! Haya, nje, tupande ngazi.

Ukuta na paa vinapokutana kuna ukanda wa alumini wenye skrubu nyingi. Kila skrubu ni tundu. Kiwandani waliweka chini ya ukanda huu utepe laini wa kuziba, na ule utepe hukauka, hupasuka, miaka ikipita hauzibi tena. Tiba yake ni kuufungua ukanda, kusafisha, kuweka utepe mpya wa butili, yaani mpira laini unaonata, kuurudisha. Kazi ya kuchosha, ndiyo. Mtu aliyeiziba hii kabla yetu akaona uvivu. Akachukua mrija wa silikoni akapaka juu juu. Tazameni ninavyoinyanyua kwa ukucha: upande wa juu imeachia, upande wa chini imeshika. Kwa hiyo maji yanaingia juu, yanakuta bwawa, hayana pa kutokea isipokuwa kwenye matundu ya skrubu. Alichofanya ni kuyachimbia maji kisima! Na ubaya wa pili: masalia ya silikoni hayashikwi na gundi nyingine, hata silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile ya zamani. Lazima ikwanguliwe yote, tena kwa kikwanguo cha plastiki, kwa sababu bati hili ni jembamba, halizidi milimita moja. Saa nyingi za kazi, na zote kalipishwa mtu ambaye hakuwepo wakati kosa linafanyika.

Nimetulia. Kidogo.

Sasa mtauliza, si bora ningetafuta Airstream, ile ya fedha yenye ribiti? Zinapendeza, na kampuni iko tangu 1931. Lakini msidhani alumini inawaokoa. Sakafu yake nayo ni mbao, na za zamani zinajulikana kwa mkia wa bodi kuachana na chasisi. Jaribu lake: mmoja asimame kwenye bampa ya nyuma abonyeze, mwingine aangalie kama bodi inashuka pamoja na bampa. Ikishuka bampa peke yake, bodi na chasisi zimeshapeana talaka. Tena tangu 1961 zimekuwa na ekseli ya mpira ndani, na mpira ukishakuwa mgumu hairekebishwi, inanunuliwa ekseli nzima. Hii yetu ina springi za majani, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kitu cha kizamani, kizito, lakini fundi yeyote anakielewa. Wanaokimbia mbao kabisa wananitajia Boler, ile ya faiba iliyoanzia Winnipeg, Canada, mwaka 1968, vipande viwili vimefunikizwa, maungio machache. Nakubali, ni akili nzuri sana ile. Lakini mtu mrefu kama mimi, humo ndani ni kuinama.

Kwa njia, mmesikia sauti leo iko safi? Kipaza sauti kipya. Mlilalamika upepo, mkalalamika, haya, shukrani ziwaendee mliojiunga na chaneli. Ambao hamjajiunga, kengele iko hapo chini.

Tulikuwa wapi? Sakafu. Jambo ambalo wale wa kupaka rangi nyeupe na kutandika mito hawawaambii: karavani za mbao za namna hii zilijengwa kutoka ndani kwenda nje. Sakafu kwanza, kisha makabati, kisha kuta, bati la nje mwisho kabisa. Kwa hiyo makabati siyo mapambo, yameshikilia kuta. Mtu anaingia na nyundo, anang'oa makabati siku ya kwanza, anapiga picha, anafurahi. Kesho yake ukuta umepinda na mlango haufungi. Kazi inaanzia nje. Unavua bati, unaiona fremu uchi, unabadilisha kipande kimoja kimoja huku nyumba imesimama. Na kile kipande kilichooza usikitupe! Hata kama ni unga mtupu, kilaze juu ya mbao mpya, kichore, ndicho kipimo chako.

Friji? Sina muda nayo. Angalieni tu kwa nyuma kama kuna unga wa njano. Ukiuona, amonia, ile inayoipoza, imevuja, haina maisha. Gesi ni mabomba mapya, hakuna mjadala. Na kama unapanga kuweka meza ya mawe na vigae vizito, kumbuka ekseli ina kikomo chake, na pua ya karavani inatakiwa ibebe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Ukihamishia jiko zito nyuma, barabarani itayumba mpaka ujute.

Bei sasa. Anayeuza anatumia maneno "ni ya kale, ni adimu". Adimu ni iliyo kavu. Zenye sakafu iliyooza zimejaa kila mahali. Bei ya kuinunua ndiyo pesa ndogo kuliko zote. Matairi, breki, mbao, utepe, na muda wako vitaimeza. Mimi kama kona zimezama, natoa bei ya chasisi na madirisha, basi. Akikataa namwachia na nyigu wake.

Lakini, na hapa mtanicheka, haya madirisha. Dogo, njoo. Luva zote zipo. Hakuna kioo kilichopasuka. Nazungusha mpini... sikia hiyo! Inafunguka, zote kwa pamoja. Fremu ya mbao nitaichonga mwenyewe, bati likitoboka litapatikana, lakini mpini wa dirisha la kiwanda kilichokufa utautafuta mpaka uzeeke. Taa za pembeni nazo ziko na vioo vyake. Na chini, nimeshalala nikagonga chasisi kwa nyundo urefu wote: kutu ya juu juu, hakuna ufa kwenye maungio ya mkono wa mbele, ule unaofungwa kwenye gari.

Kwa hiyo jibu langu limegeuka, ndiyo. Naivuta. Kona mbili na nusu za sakafu ni kazi ya mbao, na kazi ya mbao siiogopi. Silikoni naiogopa, lakini nitaikwangua huku natukana, kamera imezimwa.

Kwa sharti moja: karatasi. Anayesema "chukua tu" lazima awe ndiye mwenye mali, na namba ya kwenye karatasi ilingane na iliyogongwa kwenye chuma. Marekani zile namba zenye jumla ya herufi na tarakimu 17 zilianza mwaka 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kiligonga kivyake, fupi, ndefu, mara nyingi hapa kwenye mkono wa mbele chini ya rangi na matope. Naona kama 4 hapa, halafu... Dogo, nipe brashi ya waya. Brashi nimesema! Grenda irudishe, unataka kuifuta namba yenyewe?