Maikrofoni moja ya kondensa kwa uimbaji na gitaa: uanze na ipi?

Mtu akiniuliza anunue maikrofoni gani ya kurekodia nyumbani, kwanza humuuliza chumba chake kikoje. Kondensa ina kiwambo chembamba chenye chaji ya umeme, na kiwambo hicho hunasa hata pumzi ya mwimbaji kabla hajatamka neno. Hapo ndipo utamu wake ulipo. Ila hunasa pia feni, bodaboda, jogoo wa jirani na mwangwi wa sakafu ya vigae. Mpangilio huu ni wa mtu mwenye nyumba ya kawaida, ampu ndogo ya gitaa, na fedha za maikrofoni moja tu.

1. Audio-Technica AT2020

Hii ndiyo ningemnunulia mdogo wangu. Inastahimili sauti ya hadi desibeli 144, kwa hiyo ampu iliyofunguliwa vizuri haiitishi. Kelele yake ya ndani, yaani mvumo inaoutoa yenyewe, ni desibeli 20, na wapo wanaoikataa kwa sababu ya namba hiyo. Naona wanakosea. Chumba cha kulala cha mjini, hata usiku, ni kawaida kufika desibeli 30 au kupita. Mvumo mdogo wa maikrofoni utausikiaje wakati chumba chenyewe kinavuma zaidi?

Haina swichi hata moja, na inataka intafesi (kifaa kinachounganisha maikrofoni na kompyuta) yenye umeme wa volti 48, ule unaoitwa fantomu. Focusrite Scarlett Solo inautoa, na Behringer UM2 pia. Basi kabla hujatoa pesa dukani, jumlisha intafesi, waya wa XLR (ule wa maikrofoni wenye pini tatu), stendi isiyoyumba na kizuia pumzi. Nimeona vijana wengi wakifika nyumbani na maikrofoni nzuri wasiyoweza kuichomeka popote. Soma na boksi vizuri: yenye neno USB baada ya jina AT2020 ni maikrofoni nyingine.

2. AKG P220

Kama gitaa ndiyo kazi yako kubwa, ipandishe iwe ya kwanza. Ina swichi mbili ambazo AT2020 haina. Moja hupunguza desibeli 20, ukitaka kuisogeza karibu na ampu inayopiga kelele. Nyingine hukata besi: ngurumo za malori na mtikisiko wa miguu ya mpigaji anayeshindwa kutulia.

3. Rode NT1, toleo la tano

Kwa ubora mtupu, hii inazipita zote mbili. Inatengenezwa Sydney, Australia, kelele yake ya ndani ni desibeli 4 tu, inastahimili 142, na ina XLR pamoja na USB, hivyo unaweza kuichomeka kwenye kompyuta bila intafesi. Nimeishusha kwa sababu bei yake ni kubwa kuliko ya AT2020, na utulivu wote huo unaolipia humezwa na chumba chenye kelele. Mwenye chumba kilichotulizwa, tena anayeimba kwa sauti ya chini, asisite kuichukua.

BM-800, kondensa ya bei ya chini, sikuipa nafasi. Jina ni moja lakini watengenezaji ni wengi, hivyo hujui unachopata. Nyingi huuzwa na waya wa kuchomeka kwenye tundu dogo la maikrofoni la kompyuta, na tundu hilo halitoi volti 48. Matokeo yake ni sauti dhaifu iliyozama kwenye mvumo.

Na kama chumba chako hakitulii kabisa, acha kondensa kwa sasa, nunua Shure SM57. Ni dainamiki, aina isiyotumia kiwambo chenye chaji, iko sokoni tangu 1965, haihitaji fantomu, na mbele ya ampu ya gitaa imethibitika kote duniani. Kwenye uimbaji hutapata ule wepesi wa juu wa kondensa, lakini jogoo atabaki nje. Za bandia ni nyingi mno. Halisi ina uzito wa gramu 284, kwa hiyo nenda dukani na mizani ndogo ya jikoni.

Kuipanga

Maikrofoni hizi tatu za kondensa huimbiwa ubavuni, upande wenye nembo, au wenye kitone cha dhahabu kwa Rode. Ukiimbia kichwani kama ya jukwaani, sauti itatoka hafifu na utaidhania mbovu. Kaa shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, kizuia pumzi kikiwa katikati. Ukisogea karibu zaidi, besi huvimba. Mgongoni mwa mwimbaji tundika blanketi zito au simamisha godoro, kwa sababu huko ndiko maikrofoni inakotazama. Chomeka waya kwanza, ndipo uwashe fantomu, spika zikiwa zimezimwa. Panga sauti ili vilele vyake visipite desibeli -6 kwenye mita ya programu ya kurekodia.

Ampu iinue juu ya kiti, isikae sakafuni. Weka kondensa shubiri moja au mbili kutoka kwenye spika, ukiielekeza pembeni kidogo ya kitovu. Kitovuni sauti hukwaruza masikio, na ukingoni hufifia. Kwa gitaa safi la solo, la mtindo wa rumba au dansi, mimi huanza katikati ya hapo, kisha namwomba mpigaji aendelee kupiga huku nikiisogeza kidole kimoja kimoja na hedifoni masikioni. Dakika kumi za kazi hiyo zimenifaa kuliko programu yoyote ya kurekebisha sauti.

Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine, unyevu. Niliwahi kuacha kondensa kwenye stendi masika nzima, ikaanza kutatarika kama mafuta ya moto. Siku hizi kila nikimaliza kurekodi naiweka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.