Vakyumu mbili, Hiace moja na vumbi la Ruaha: uzoefu wangu

Mbung'o ndio walionifanya ninunue vakyumu, mashine ndogo ya kufyonza vumbi garini. Vumbi la njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha nilishalizoea. Ukikaa Iringa unaishi nalo kama mpangaji asiyelipa kodi. Lakini siku moja mgeni alirudisha gari letu, akainua godoro na kunionyesha bila kusema neno. Mbung'o wakavu, mbawa zimetawanyika, wamejaa kwenye upenyo kati ya kitanda na bodi. Watu wakiingia porini hufunga vioo mbung'o wakiwa wameshaingia, halafu wanawapiga kwa kandambili hadi usiku. Wafu wanaangukia mahali ambapo ufagio haufiki.

Gari lenyewe ni Hiace ya zamani. Mume wangu na seremala mmoja wa Ipogolo walitoa siti za nyuma, wakaweka kitanda cha mbao, kabati, jiko la mtungi mdogo wa gesi, na betri ya pili kwa ajili ya taa na kuchaji simu. Watoto wanaliita Konokono kwa sababu linatembea na nyumba yake. Tunalikodisha kwa wanaokwenda Ruaha, Kitulo wakati wa maua, na wengine huteremka nalo hadi Matema ziwani. Likirudi leo jioni, kesho mchana mara nyingi kuna mtu mwingine anasubiri ufunguo. Kwa hiyo usafi wangu ni wa saa chache, tena ndani ya chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

Ufagio hauwezi. Vumbi lile jekundu ni laini kama unga wa muhogo, ukilifagia linapaa, linakaa kwenye pazia na kukungoja. Nikapeleka gari gereji wapulize kwa kompresa. Kapeti ilitoka safi kabisa, maana vumbi lote lilikuwa limehamia kwenye godoro. Usiku ule nililala humo kujaribu, nikapiga chafya mpaka jogoo wakawika.

Vakyumu ya kwanza niliagiza Dar, ikaja na basi. Ya kuchaji, isiyo na waya, nyeupe, nzuri kuangalia, shilingi 65,000. Kwenye boksi wameandika wati 120, nguvu ya kuvuta paskali 9000, dakika 30 kwa chaji moja, na neno HEPA, yaani filta ya kunasa vumbi laini kabisa, kwa herufi kubwa. Siku ya kwanza tulipigania kuishika. Ilifyonza mbung'o wote, ikafyonza na makombo ya mihogo niliyokuwa sijui yapo. Kama dakika ya nane hivi sauti ikaanza kulegea, na kabla sijafika kwenye siti ya dereva ilikuwa inanong'ona tu.

Nikadhani nimeuziwa mbovu. Mtoto wa kaka yangu, wakati huo yuko kidato cha sita, akaigeuza akasoma maandishi madogo chini. "Shangazi, hii betri ni volti 7.4, miliampia-saa 2000. Zidisha, unapata kama wati-saa 15. Ukivuta wati 120 humo, inakwisha ndani ya dakika saba na nusu. Na kama kweli inakwenda dakika 30, basi ni ya wati 30." Yaani namba mbili za kwenye boksi lilelile haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Muuzaji nilipompigia akasema hiyo ni hesabu ya darasani. Tangu siku hiyo boksi silisomi tena upande wa mbele, nageuza chini kwanza. Kama uwezo wa betri haukuandikwa popote, naiacha dukani.

Hata hivyo singeitupa kwa sababu ya hilo. Kwa gari dogo la kwenda kazini, dakika nane zinatosha siti mbili na kapeti zake. Iliyoiua ni ulanzi, pombe ya mianzi. Shemeji yangu aliazima Konokono kwenda kijijini, akarudi na dumu ambalo kifuniko chake hakikukaza, na anayeujua ulanzi anajua ukiwa unachacha haukai ndani ya dumu kwa adabu. Kijana anayenisaidia aliona kapeti imelowa, akaona mashine ipo, akafyonza. Mashine hizi si za maji, labda iandikwe wazi kwamba inavuta na maji. Unyevu ulipita kwenye filta ukaingia kwenye mota. Kwa siku mbili ilinuka kilabu, siku ya tatu haikuwaka.

Ya pili niliipata Mwanjelwa, nimekwenda Mbeya msibani, siku ya kurudi nikapita sokoni. Hii ni ya waya, unachomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, volti 12. Nyeusi, mbaya, plastiki ngumu, haina jina la kukumbuka. Alianza na 50,000 tukamalizana kwenye 38,000, pamoja na filta moja ya akiba ambayo nilikataa kuondoka bila hiyo. Nilimwomba tuijaribu. Kulikuwa na Noah imeegeshwa pale, dereva akakubali, nikamwaga mchanga kiganja kimoja kwenye kapeti yake na kuukanyaga kwanza uingie. Usijaribu vakyumu kwa vipande vya karatasi kama wanavyokuonyesha. Karatasi hata pumzi yako inaivuta. Mchanga uliokanyagwa ndio mtihani.

Ilifaulu, nikaja nayo nyumbani, nikaichomeka nyuma ya Konokono, ikaguruma nusu sekunde, ikazima. Fyuzi imekatika. Na hapa wenye magari ya kulala mnisikilize vizuri. Boksi la hii nalo linasema wati 120, na wati 120 kwa volti 12 ni ampia 10. Tundu la nyuma fundi alikuwa ameliwekea fyuzi ya ampia 10 na waya mwembamba wa kuchajia simu. Mota inapoanza kuzunguka huvuta zaidi sana kuliko inapokwisha kushika kasi, basi fyuzi inaaga. Kijana wangu akataka kuweka fyuzi ya 20 tuendelee na kazi. Nikamwambia ulanzi umetosha. Fyuzi kubwa kwenye waya mwembamba maana yake kitakachoungua sasa ni waya, na waya umepita chini ya godoro.

Fundi wa umeme wa magari alikuja, "kamwene, mama," akacheka kazi ya mwenzake kama mafundi wote wanavyocheka, akavuta waya wa milimita mraba 2.5 kutoka betri ya pili na kuweka fyuzi ya 15. Akapima: ampia 8 na kitu ikishatulia. Kwa hiyo boksi la hii nalo limetia chumvi, lakini chumvi ya kijiko, si ya gunia. Kazi yote ilinigharimu 20,000, ukijumlisha na mashine ni 58,000, bado chini ya ile nyeupe. Na betri hailalamiki. Dakika 20 za kufyonza ni kama ampia-saa tatu, kwa betri ya ampia-saa 100 hiyo ni chai ya asubuhi.

Waya wake ni wa mita nne na nusu. Ukichomekea kwenye dashibodi utafika mlango wa nyuma kwa kuuvuta ukaze kama kamba ya mbuzi, ndiyo maana nasisitiza tundu la nyuma.

Sasa filta. Ningeruhusiwa kuongelea kitu kimoja tu kuhusu mashine hizi ningeongelea filta, maana vumbi letu halijali wati. Unga ule mwekundu unajipaka kwenye mikunjo ya filta, hewa haipiti, mashine inapiga kelele zaidi na kuvuta kidogo, na wewe unasema mota imekufa. Haijafa, imezibwa pua. Safari moja ya Ruaha inaniziba filta mara mbili kabla sijamaliza gari. Nafanya hivi: naitoa, naigonga taratibu kwenye tairi nje, upepo ukiwa mgongoni, naendelea. Kazi ikiisha naiosha kwa maji matupu, kwa kumiminia, bila kusugua kwa brashi. Niliisugua moja ikatoboka, vumbi likawa linaingia mbele na kutokea nyuma usoni kwangu. Halafu ikauke kabisa. Wanasema saa 24, lakini aliyesema hajafika Iringa mwezi wa saba, ambako filta huchukua siku mbili na bado ukiishika ni baridi. Ukiirudisha mbichi, vumbi linageuka udongo wa kufinyangia. Ndiyo sababu ya filta mbili.

Na lile neno HEPA lisikupandishe bei. HEPA ya kweli inanasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Hii yangu, ukiiwasha juani asubuhi ukaangalia kwenye mwanga, unaona kitu kama moshi mwembamba nyuma. Mimi nafunga kitambaa puani, mwenye pumu nyumbani asipewe kazi hii.

Mchanga wa Matema ni rahisi zaidi kuliko nilivyodhani, ilimradi umekauka. Ni mzito, unaanguka kwenye kikombe, filta inabaki safi. Tope la Tukuyu ni habari nyingine: liache likauke, livunje kwa brashi ngumu, ndipo ufyonze. Ule mdomo mwembamba unaokuja na mashine ndio unaotoa mbung'o kwenye nyufa na punje za mchele kwenye reli ya mlango, ila unalegea. Nimeukaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Majivu ya jiko la mkaa usifyonze kamwe, hata kama yanaonekana yamepoa. Kaa moja hai likifika kwenye filta unakuwa umenunua jiko lingine.

Haina unyamavu. Ukiiwasha saa kumi na mbili asubuhi jirani atajua una mgeni. Kama unaosha magari kwa biashara, mengi kwa siku, hizi za mkono si zako, nunua kubwa ya umeme wa nyumbani na ujifunze kuvumilia bili.

Nina miezi kumi na minne nayo, na jirani mwenye Noah ya abiria huiazima kila Jumapili. Mashine nampa. Filta anakuja na yake.

Ijumaa kuna mgeni anakwenda Ruaha siku tatu. Filta moja imo ndani ya mashine, nyingine inaning'inia kwenye kamba kati ya soksi za watoto, bado mbichi. Kwenye kabati la Konokono nimemwekea kandambili moja ya ziada.