Huduma ya kutotolesha mayai Moshi mjini: nyota 4, ile moja nimewanyima kwa sababu ya siku za mwisho

Wadau wa kuku wa Moshi na vitongoji vyake, wengi mmeniuliza kuhusu hawa jamaa wa kutotolesha wa upande wa Mbuyuni. Jina siweki maana kuna sehemu nitawasema na sitaki ugomvi. Kwa ufupi pako poa, peleka mayai yako, ila siku 3 za mwisho wanazingua.

Utaratibu wao ni rahisi, unaleta trei zako, dada wa mapokezi anaandika jina lako kwa penseli kwenye kila yai (sio maka pen, hapo nimewapenda), halafu yanapumzika kwanza kabla ya kuingia mashineni, hasa yale yaliyoshuka na bodaboda kutoka Kibosho huko yametikisika njia nzima. Malipo ni kwa yai, litotoe au liwe viza. Kuna watu wananung'unika hapo, mi sioni shida, umeme wanalipia ule ule na jogoo mvivu ni wako.

Kilichonifurahisha zaidi ni joto. Kila mashine ina kipimajoto cha pili cha kuhakikisha, muda wote iko nyuzi 37.5 mpaka 37.8, na umeme ukikatika jenereta inawashwa fasta. Sasa mi nilisomea mambo ya homoni za kuku kwa hiyo naomba mnivumilie kidogo, maana watu wanadhani joto ni la kumfanya kifaranga asife tu, basi. Humo ndani kuna ratiba, na mi ratiba ninayoijua vizuri ni ya tezi ya pituitari, kile kitezi kidogo chini ya ubongo kinachotuma amri kwa tezi nyingine. Nusu yake ya mbele haitoki hata kwenye ubongo, inatoka kwenye paa la mdomo: karibu siku ya 3 tu panajikunja kimfuko kinapanda juu kukutana na sakafu ya ubongo, kinaitwa mfuko wa Rathke, yule Mjerumani aliyekieleza mwaka 1838. Baada ya hapo seli zinaanza kugawana kazi kwa zamu. Kwenye wiki ya kwanza zinatokea zile za homoni ya ACTH, inayoamrisha tezi za juu ya figo, zinafuata za kuamrisha tezi ya shingo, za homoni ya ukuaji zinaanza kuonekana kwa wingi kwenye siku ya 14 hadi 16, na za prolaktini (homoni ya kuatamia) zinachelewa mpaka karibu na kutotoa. Kinachobadilika ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa, jeni wote wanazo zile zile. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland kule Marekani walichapisha kazi ambayo walipima jeni nyingi za tezi hiyo kwa mpigo kwenye viinitete vya kuku vya umri tofauti, ikaonekana makundi ya jeni yanapanda na kushuka kadiri siku zinavyokwenda. Na kitu kitamu zaidi, kotikosteroni, homoni ile ile ya kuhangaika, ndiyo inayoziamsha seli za homoni ya ukuaji, ukiidunga kwenye yai la siku ya 11 zinatokea kabla ya wakati wake!

Ndio maana nikiona kipimajoto kinacheza cheza mahali nachukua trei zangu naondoka. Kuna Waisraeli walipandisha joto makusudi mpaka 39.5 kwa saa 12 kila siku, kuanzia siku ya 7 hadi ya 16, wakichagua kipindi hicho kwa sababu ndipo mfumo wa pituitari na tezi ya shingo na ile ya juu ya figo unapojengeka, na kuku wa nyama waliototolewa hivyo wakastahimili joto vizuri zaidi baadaye. Ile ni maabara lakini, unyevu umepimwa na kila kitu, msije mkajaribu na mashine ya boksi la thamokoli huko Pasua.

Kupima kwa tochi wanakuruhusu uangalie mwenyewe. Siku ya 7 unaona mishipa imetapakaa kama buibui, viza zinatolewa mbele yako, hakuna longolongo.

Haya, lawama. Siku ya 18 wanahamishia mayai kwenye hecha (mashine ya kuangulia ya siku za mwisho), sawa, wanaacha kuyageuza, sawa, ila kila mteja akija kuulizia vyake mlango unafunguliwa! Aisee. Huo ndio muda pituitari inasukuma kwa nguvu, homoni ya tezi ya shingo inapanda juu kabisa, kifaranga anatoboa chumba cha hewa na kuanza kuvuta pumzi kwa mapafu, na nyie mnamfungulia mlango upepo uingie, unyevu unashuka, utando unakauka unambana akiwa nusu nje. Nilimwambia fundi wao akanijibu "wateja bwana, wakikataliwa wananuna". Wanune tu kaka. Wekeni kioo.

Wanapokea Jumatano peke yake, ukikosa unasubiri wiki ijayo. Nenda asubuhi, mchana foleni inafika barabarani, na boksi la kubebea vifaranga ujitegemee.