Fundi aliyeharakisha kompyuta ya dukani bila kuniuzia kitu

Nina steshenari Mwanza, na kompyuta yangu ya Windows 10 ilikuwa ikiwaka polepole hadi mteja wa kuchapa anaenda kwa jirani. Fundi wa mtaa wa pili hakunipigia debe la diski mpya. Alibonyeza Ctrl+Shift+Esc, akafungua orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe: ya muziki, ya simu za video, hata ya printa niliyokwisha kuiuza! Akazizima zote, antivirusi akaiacha.

Kuzima nako kulichelewa kwa sababu kuna mjuaji aliwahi kuweka ClearPageFileAtShutdown, mpangilio uliofichika ndani ya Windows, kuwa 1 (yaani uwashwe), basi kila jioni mashine ikawa inafuta kwanza yote yaliyomo kwenye faili la diski linalosaidia kumbukumbu (RAM). Akairudisha 0.

Fast Startup, njia ya Windows ya kuwasha mashine haraka iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012, hakuigusa. Ila alinieleza kwamba ukichagua Shut down, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski, hakianzi upya. Mashine ikileta ukaidi, chagua Restart. Maelezo hayo tu yanatosha kumlipa.

Sasa inawaka kabla sijamaliza kupanga karatasi. Risiti hatoi mpaka umdai, na Jumatatu usiende, foleni ni ndefu mno.