Unga au maji? Dawa za kusafishia mkanda wa rangi wa kamera hapa Mbeya

Wadau, karibuni. Mwezi wa saba huu, mnaniona nimevaa koti ndani ya nyumba. Wa Uyole mnanielewa. Mezani nina pakiti za unga, na huku chupa za maji, zote za C-41, ule mchakato wa kusafisha mkanda wa rangi ambao Kodak waliutoa mwaka 1972. Mnaniuliza kila siku ninunue ipi.

Seti ya unga, mfano Cs41 ya CineStill, inasafiri vizuri. Ikirushwa kwenye basi kutoka Dar haimwagiki. Ila pakiti usiigawe nusu, maana kemikali ndani hazijachanganyika sawasawa. Ukifungua, koroga lita nzima. Na divelopa, ile dawa ya kwanza inayotoa picha, ikishakorogwa inaanza kuharibika kwa hewa. Una mkanda mmoja kwa mwezi? Utaimwaga.

Halafu unga huo unakuja na bliksi, yaani blichi na fiksa chupa moja. Blichi inarudisha madini ya fedha yaliyo kwenye mkanda kuwa chumvi, fiksa inaiyeyusha. Zikikaa pamoja, blichi inaila fiksa taratibu. Bliksi ikichoka, fedha inabaki na rangi zinapooza. Afadhali hilo linarekebishika: rudisha mkanda kwenye bliksi mpya, hata mchana kweupe.

Na inatoa gesi! Mara ya kwanza sikusuuza, mabaki ya divelopa yakakutana na bliksi, nikatikisa tanki, kile chombo cha kusafishia mkanda. Kifuniko puu, kama soda. Taulo la wageni likawa na madoa ya kahawia, na mama watoto hajasahau. Suuza kwanza, na kila ukigeuza tanki fungua kifuniko kidogo lipumue.

Ya maji, kama Bellini ya Italia, blichi na fiksa ziko mbalimbali. Chupa zinaongezeka, muda unaongezeka, lakini unapima kiasi unachotaka na kinachobaki unakifunga. Mimi nachukua hii. Unga nauagiza msimu wa harusi tu, mikanda ikifika minane.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wa huku tunaharibu. Blichi na fiksa zinavumilia joto likiyumba kidogo. Divelopa haivumilii: nyuzi 38, dakika 3 na sekunde 15, na kosa lake halirudishwi. Kwa baridi hii tanki linapoa mkononi. Kwa hiyo beseni la maji ya nyuzi 40, chupa ndani, tanki nalo ulipashe kwa maji ya moto kabla ya dawa.

Kipimajoto cha jikoni usikihakiki kwa maji yanayochemka ukitegemea 100. Mwinuko wetu huu wa mita 1,700 maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94. Oneni hiki: kipimajoto cha homa, cha duka la dawa. Kinasoma mpaka desimali, na 38 imo kabisa kwenye kipimo chake. Nakitumbukiza ncha kwenye beseni, naona cha jikoni kimepotea kiasi gani. Kinashika namba ya juu kabisa, kwa hiyo zima uwashe kila unapopima. Na kikishaingia huku, kwa mtoto hakirudi. Glavu pia, divelopa inawasha ngozi.

Haya, beseni limefika 40. Naweka chupa.