Bush TV22 ya mwaka 1950: nunua iliyokufa, iache iliyoguswa

Nianze na jibu, maana najua wengi mtasoma mistari miwili mkaondoka. Kama unataka TV kuukuu ya kupamba sebule, hii siyo, zipo za mbao kubwa zenye milango na bei yake ni ndogo kwa sababu hakuna mwenye nafasi ya kuziweka. Kama unataka ya kuwasha na kuitazama, na mkono wako umezoea mita na solda, basi kwa sisi tulioko Uingereza sijaona ya kuanzia iliyo bora kuliko Bush TV22. Yangu iko Coventry, juu ya kabati la vitabu, na jana usiku ilikuwa inaonyesha picha.

Kasha lake lote ni bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, ya rangi ya kahawia, mviringo kila kona, na chini ya kioo pana matundu ya spika yaliyopangwa kwa mistari ya kulala. Rafiki yangu wa Mkunazini alipoingia ndani akaiona, aliuliza, "Sheikh, hili sanduku la mkate umelipata wapi?" Lakini bakelaiti ina faida zake. Haivimbi kwa unyevu, haibanduki veneri, haina mdudu wa kuitoboa. Ikikaa miaka sabini kwenye dari la nyumba inachafuka tu, na uchafu unatoka kwa kitambaa na dawa ya kung'arisha ya laini. Msasa usiiguse. Ngozi yake ya juu ikishaondoka, mng'ao haurudi, na chini yake kuna unga wa kujazia unaonekana kama vumbi la kahawa. Na usiiangushe, maana haibonyei, inapasuka.

Sasa, kwa nini TV22 na si nyingine? Kaka yake aliyetangulia, TV12, ana kasha lilelile lakini alifungwa kwenye kituo kimoja tu, London au Birmingham. Hii inaweza kuvutwa kwenye chaneli zote tano za mwanzo za BBC, kila moja na mnara wake: Alexandra Palace, Holme Moss, Kirk o'Shotts, Sutton Coldfield na Wenvoe. Yangu niliikuta iko chaneli ya 4, yaani Sutton Coldfield, mnara uliofunguliwa Desemba 1949 kuhudumia watu wa eneo hili la kati. Basi nikajua haijatoka mbali. Ilinunuliwa huku, ikatazamwa huku, na hakuna aliyewahi kuivuta kwingine.

Na hapo ndipo penye nukta yangu kubwa. Kilichonifanya niilipie ni kwamba hakuna aliyeigusa. Vumbi la ndani lilikuwa limelala sawasawa kama lilivyoshuka, skrubu za nyuma zina kutu lakini vichwa vyake vizima, kiini cha kila koili, kile kijiti cha kuzungusha ili kuvuta stesheni, bado kina nta ya kiwandani. TV ya namna hii hata kama haitoi mlio ni bora mara kumi kuliko ile ambayo muuzaji anakuandikia "inafanya kazi". Wapo wanaoichomeka ukutani baada ya miongo kupita, vali, zile taa za kioo za kabla ya transista, zinawaka, spika inakoroma kidogo, wanapiga picha, wanapandisha bei. Niliwahi kwenda kuiona moja kama hiyo. Nilipofungua nyuma, nta ilikuwa imetiririka kutoka kwenye transfoma ya mistari hadi kwenye chasisi, lile fremu la chuma la ndani, bado mpya. Transfoma hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote, ndiyo inayotengeneza maelfu ya volti ya tyubu ya picha, na ikishaungua ndani hutaipata dukani. Muuzaji aliiwasha ili anionyeshe kwamba ni nzima, kumbe ndiyo alikuwa anaimalizia.

Mbaya zaidi ni iliyopita mikononi mwa mjuzi wa nusu. Amezungusha viini vya koili akitafuta stesheni iliyozimwa zamani, vimepasuka, vingine amevilazimisha kwa bisibisi ya chuma. Kapasita bovu, kile kidude cha kuhifadhi chaji, ni shilingi chache. Koili zilizovurugwa zitakukalisha mezani na jenereta ya mawimbi usiku kucha.

Kazi yenyewe ya kuirudisha si ya kutisha. Adui mkuu ni kapasita za karatasi na nta. Karatasi imevuta unyevu, na badala ya kuzuia umeme wa moja kwa moja inauachia upite. Nilitoa moja ya 0.1 mikrofaradi iliyopeleka sauti kwenye vali ya mwisho. Kwa nje ilikuwa nzuri, maandishi yanasomeka. Ukiipima kwa mita ya kawaida nayo inakudanganya kwamba ni nzima. Ipe volti 200, inavuja kama haina kizuizi, na vali iliyo mbele yake inakunywa umeme hadi bati lake linakuwa jekundu. Zote za aina hiyo nilizibadilisha. Baadhi niliziondoa utumbo nikaficha mpya ndani ya ganda la zamani, starehe yangu tu, TV haijui tofauti. Rezista kadhaa, zile za kupunguza mkondo wa umeme, thamani yake ilikuwa imepanda sana kuliko ilivyoandikwa. Tyubu nilimwomba Mungu, maana hiyo haina mbadala wa kwenda kununua, na ilikuwa nzima.

Onyo, tena hili lisomeni mara mbili, hasa nyinyi mliozoea redio za betri. Hii mashine haina transfoma ya kuitenga na umeme wa ukutani. Iliundwa ifanye kazi kwa umeme wa kupishana (AC) na wa moja kwa moja (DC), kwa hiyo waya mmoja wa umeme umeshikana na chasisi moja kwa moja. Plagi ikifungwa kinyume, chuma chote cha ndani kina umeme wa kuua, na skrubu ndogo ya kitufe inatosha kukufikishia. Nunua transfoma ya kutenga kabla hujanunua TV. Fundi asiyekuwa nayo asiikaribie.

Halafu kuna gharama ambayo muuzaji hakuambii. TV22 inaelewa picha inayochorwa kwa mistari 405 ya kulala, mfumo ulioanza Alexandra Palace mwaka 1936 na kuzimwa kabisa mwanzoni mwa 1985. Hewani hakuna kitu chake. Unahitaji kibadilishi cha mfumo. Mimi natumia Aurora, unakipa picha ya mistari 625, kinakutolea 405 kwenye chaneli unayotaka. Kilinigharimu zaidi ya TV yenyewe. Na kwa kuwa king'amuzi changu kina tundu la HDMI peke yake, katikati pana kidude kingine cha kugeuza. Ukiziangalia waya zinazoning'inia nyuma utacheka.

Lakini picha! Tyubu ni duara ya inchi 9, ukiondoa fremu unabaki na picha ndogo kuliko daftari la skuli, nyeusi na nyeupe, kali kupita ulivyotarajia. Uso wa mtu unapendeza. Mpira haufai, uwanja unakatwa pembeni na wachezaji wanakuwa sisimizi. Mchana funga pazia. Sauti ni nene na safi, inatia aibu TV bapa za leo. Ina mluzi wake, hezi 10,125, yaani mistari 405 mara picha 25 kwa sekunde. Mluzi wa TV za baadaye masikio yangu hayausikii tena, huu nausikia vizuri. Mke wangu anausikia hadi jikoni na ana maoni yake.

Mama mkwe alipokuja kutoka Unguja aliitazama akasema, "Mwanangu, hii rangi imekwisha?" Ana haki. Kwetu Zanzibar televisheni ilianza miaka ya 1970 moja kwa moja na rangi, wakati Bara walisubiri hadi 1994. Kizazi chake hakikupitia hii hatua.

Bei: nililipa pauni 90 kwa iliyokufa, na nadhani ilikuwa haki. Iliyotengenezwa vizuri na mtu anayejulikana, ikiwa na orodha ya vitu alivyobadilisha, mlipe mara tatu au nne bila kunung'unika. Muulize aliwashaje mara ya kwanza. Akikujibu "nilichomeka tu", aga.

Ukishaelewana naye, kaichukue mwenyewe kwa gari. Usikubali itumwe kwa posta wala kwa kampuni ya vifurushi, kwa sababu shingo ya tyubu ni kioo chembamba na bakelaiti haisamehe. Iweke kiti cha nyuma, kioo kikielekea mgongo wa kiti, funga mkanda, na blanketi ujaze pembeni.